Habari za Njia Kuu ya Dar es Salaam

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa Yubile



Katika siku hizi za Yubile wenzetu wamekwisha kusema habari za makanisa na shule na hospitali, na wale waliotutangulia katika kazi wametajwa kwa heshima kama wanavyostahili. Sisi tumepewa sehemu ndogo, nayo ni kueleza habari za njia moja tu, ile ipitayo katikati ya mji wa Dar es Salaam, ambayo leo yaitwa Samora Avenue. Labda mtu atauliza, Njia nayo ina habari gani? Njia si watu. Ni mawe na mchanga na lami. Twamjibu ya kuwa njia ya mji ni kama daftari iliyoachwa wazi barazani. Kila mwenye nguvu apitaye huandika jina lake, na ajaye baada yake hulifuta akaandika la kwake. Lakini wale walioichukua daftari ile vichwani mwao hata ikafika barazani, hao hawakuandikwa. Basi twataka kusema habari za wote, walioandika na waliochukua.

Kwanza tutaje mahali penyewe, ili hata asiyepata kufika aweze kutufuata. Njia hii huanzia penye Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961, mahali zinapokutana na njia nyingine kubwa ziendazo Mnazi Mmoja na Kariakoo. Kutoka hapo hushika mashariki, sambamba na bandari, wala haiko mbali na maji. Mtu akisimama penye njia panda hupigwa na upepo wa bahari. Hukatwa na njia ya Morogoro, kisha Zanaki, kisha Mkwepu, hata ifikapo penye mzunguko aliposimama Askari wa shaba. Hapo njia ya Azikiwe huja kutoka bandarini, na ya Maktaba huondoka kwenda bara. Samora yenyewe huendelea mbele, ikapita Mirambo, ikaelekea kwenye bustani ya mimea na njia ya Shaaban Robert iliyo na nyumba ya makumbusho. Mtu mzima mwenye miguu mizuri aweza kuimaliza yote kabla chai yake haijapoa sana. Lakini katika mwendo huo mfupi amepita tawala tatu na vita moja kubwa.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima, jina lake Mzizima. Katika miaka ya 1860 Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, alipendezwa na ile bandari iliyojificha, iliyo na mlango mwembamba na maji matulivu ndani, akaazimu kujenga mji. Zikajengwa nyumba za mawe kando ya maji, na moja yao, ile iitwayo Boma la Kale, ingali imesimama hata leo. Lakini Seyyid Majid alifariki mwaka 1870 kabla kazi yake haijatimia, na ndugu yake Seyyid Barghash hakuutaka mji ule. Nyumba zikaachwa, minazi na magugu yakaota kati ya kuta. Basi mwanzo wa Dar es Salaam ni jengo lisilokwisha. Nasi tusisahau jambo hilo, maana mji huu haukukoma tangu siku zile kujengwa na kubomolewa.

Mwaka 1887 walikuja watu wa Kampani ya Kidachi, na mwaka 1891 Serikali ya Wadachi ikahamisha makao yake makuu kutoka Bagamoyo kuyaleta hapa. Ndipo njia zilipopimwa kwa kamba na kunyoshwa. Bustani ya mimea ilianzishwa mwaka 1893, ijaribiwe miche ya kila namna. Makanisa mawili makubwa, la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki na lile la Walutheri liitwalo leo Azania Front, yalijengwa katika miaka ya mwisho ya karne ile, yakakamilika mwaka 1902; na minara yake ikawa alama ya mabaharia waingiao bandarini. Reli ya kati ilianzwa mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Na nyuma ya nyumba za Serikali, sambamba na pwani, ikapita njia waliyoiita Unter den Akazien, maana yake Chini ya Migunga. Masikioni mwao jina hilo lililingana na lile la njia kuu ya Berlin, iitwayo Unter den Linden. Mgeni akiwa mbali na kwao hupenda kuita vitu kwa majina ya kwao, apate kujiona yu nyumbani.

Lakini ni nani aliyeichimba? Katika picha za siku zile twaona mabwana wamevaa nguo nyeupe na kofia ngumu, wamesimama kivulini. Na nyuma yao, kwa mbali, wapo watu wenye majembe na vikapu. Hao ndio walioifanya njia. Tangu mwaka 1898 ilitozwa kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa kazi ya mikono yake. Hivyo wengi waliletwa na kodi, si kwa hiari. Majina ya magavana tunayo yote kwa taratibu yake. Majina ya wachimbaji hatuna hata moja. Hatulisemi neno hili ili kuchochea chuki ya kale. Twalisema kwa sababu ni hesabu, na hesabu isiyotaja upande mmoja ni pungufu.

Mji nao uligawanywa. Wadachi walitunga sheria ya majenzi, na baada yao Waingereza wakaishika desturi ileile: mahali pa nyumba za namna ya Kizungu, mahali pa maduka na nyumba za Wahindi, na mahali pa nyumba za udongo na makuti. Watu wenyewe wakapaita Uzunguni, na Uhindini, na Uswahilini. Wala hapakuhitajika ramani, kila mtu alijua mahali alipotazamiwa kulala. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya mji na Kariakoo, uwe kama mpaka. Basi njia hii yetu ilikuwa upande wa wakubwa. Mwafrika aliipita asubuhi akienda kazini, mpishi, na boi, na karani, na mchukuzi, na jioni akairudia njia ileile kwenda kwake. Aliijua kila duka, ijapokuwa hakuwa mnunuzi. Alijua ni mti gani una kivuli saa sita, na ni baraza gani hufukuzwi ukipumzika. Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi katika vitabu vya Serikali, lakini ndio uliowawezesha watu kuishi.

Kisha ikaja Vita Kuu ya 1914. Wahenga walisema, Wapiganapo tembo nyasi huumia. Na neno hilo halikupata kuwa kweli kuliko katika miaka ile minne. Wazungu kwa Wazungu waligombana, na mashamba yaliyoliwa yalikuwa ya Wanyamwezi, na Wagogo, na Wayao, na Wamakonde, na wengine wengi. Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Kwa kuwa farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, na magari yalikwama matopeni, mizigo yote ya jeshi ilipita vichwani mwa watu. Wachukuzi waliofariki upande wa Waingereza, kwa hesabu ya Serikali yenyewe, walizidi 40,000. Na wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na kuhara, na homa, na njaa, na baridi ya mvua. Kambi yao katika mji huu ilikuwa upande wa pili wa Mnazi Mmoja. Jeshi lile la wachukuzi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na vinywa vya watu vikaligeuza jina kuwa Kariakoo. Leo watu huenda Kariakoo kununua vitambaa na samaki na simu, wala si wengi wakumbukao ya kuwa wanatamka jina la wafu wale.

Sasa tusimame kidogo penye mzunguko, tutazame sanamu. Kabla ya vita Wadachi walikuwa wamesimamisha katika mji huu sanamu ya gavana wao mmoja, Hermann von Wissmann. Bwana yule alisimama juu, amenyosha kichwa. Na chini, miguuni pake, palikuwa na askari wa Kiafrika, macho yake yamemwinukia bwana wake. Waingereza waliiondoa sanamu ile wakaipeleka Ulaya, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Ilikaa huko hata mwaka 1967, wanafunzi wa Kidachi wenyewe walipoivuta kwa kamba wakaiangusha. Ikasimamishwa tena, wakaiangusha tena mwaka 1968, wala haikurudishwa.

Na hapa Dar es Salaam, mwaka 1927, ilifunuliwa sanamu nyingine, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Juu yake hakuna gavana wala bwana yeyote. Yupo askari Mwafrika peke yake, bunduki mikononi, singe mbele, ameinama kidogo kama mtu aingiaye vitani, na uso wake umeelekea bandarini. Maandiko ya chini yamo katika Kiingereza, na Kiarabu, na Kiswahili, na aliyeyatunga kwa Kiingereza ni mshairi Rudyard Kipling. Hapana shaka waliomsimamisha walitaka kuisifu dola yao. Lakini kitu kikisha kusimama njiani, wapitao hukipa maana yao wenyewe. Miaka kadhaa tu ilikuwa imepita tangu askari alipokuwa miguuni, na sasa yu juu, wala hamtazami mtu. Ndiyo sababu uhuru ulipokuja hakuna aliyemwondoa. Majina ya njia yalibadilika kumzunguka, yeye akabaki, na watu wakaita mahali pale Askari, basi.

Hata hivyo lipo jambo moja ambalo hatuwezi kulipita kimya. Maandiko yale yanawataja askari na wachukuzi, nayo yanaahidi ya kuwa afiaye nchi yake, jina lake litakumbukwa na wanawe. Ahadi nzuri. Lakini ukizunguka jiwe lile pande zote nne hutaona jina hata moja la mtu. Katika makaburi ya vita ya Wazungu kila mmoja ana jiwe lake, na jina lake, na tarehe yake. Huku walioahidiwa kukumbukwa kwa majina hawakuandikiwa majina. Basi ahadi ile imetupwa mikononi mwa nani? Imetupwa mikononi mwa wana wao. Nao ni sisi.

Katika siku za Waingereza njia iliitwa Acacia Avenue. Lilikuwa jina lile la Wadachi limefasiriwa tu. Tawala zilibadilika, miti ikabaki. Maduka yakazidi, na mabenki, na ofisi za meli. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na njia ikapewa jina la Independence Avenue, yaani Njia ya Uhuru. Kwa mara ya kwanza jina lake likawa la jambo walilolitaka wenyeji, ijapokuwa lilisemwa kwa lugha ya kigeni. Na wale waliokuwa wakipita tu wakaanza kuingia: karani akawa mkubwa wa ofisi, na mtoto wa mpishi akakaa nyuma ya meza ya benki.

Baadaye ikaitwa kwa jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji. Wengine wetu huuliza kwa nini njia yetu kuu ichukue jina la mtu wa nchi nyingine. Jibu ni hili. Mji huu ulikuwa nyumba ya wakimbizi wapiganao. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam mwezi wa Juni 1962. Kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa katika mji huu tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Samora Machel akashika uongozi mwaka 1970, na nchi yake ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Alifariki tarehe 19 Oktoba 1986, ndege yake ilipoanguka Mbuzini katika nchi ya Afrika ya Kusini. Basi jina lile si la mgeni. Ni la jirani aliyekaa nasi wakati wa dhiki yake, tukala naye tulichokuwa nacho. Mji mwingine hujivunia washindi wake. Huu una haki ya kujivunia wale iliowapokea.

Tena katika siku za Ujamaa njia ilibadilika kwa namna nyingine isiyoonekana kwa macho. Mabenki yalitaifishwa mwezi wa Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kuchukua majumba ya kupangisha yaliyopita thamani ya shilingi 100,000, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Kuta zilikuwa zilezile, na madirisha yaleyale, lakini wenyewe walikuwa wengine. Wahindi wengi waliozaliwa juu ya maduka ya baba zao waliondoka nchini. Wengine wakabaki, wakawa wapangaji katika nyumba walizozijenga. Wapo waliofurahi, wapo waliolia, na wote wawili walikuwa watu wa mji huu. Mwenye kusema habari za njia imempasa kusikia vilio vya kila upande, asije akawa mwamuzi wa jambo lisilo lake.

Leo njia ikoje? Asubuhi imejaa watu waendao makazini, wamevaa vizuri, viatu vinang'aa kwa mikono ya wang'arisha viatu wakaao pembezoni. Wauza magazeti hutandaza magazeti chini, na watu husimama duara wakasoma vichwa vya habari bila kununua, nao hawafukuzwi. Wapo wauza vitabu vya mkono wa pili, na wauza vinyago, na muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, kashata ziko kwenye sahani. Magari husongamana, tangu mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka huikata njia penye Morogoro yakielekea Kivukoni. Serikali imehamia Dodoma, lakini biashara haikuhama. Siku ya Jumapili mchana njia hutulia kabisa, na ndipo uwezapo kuinua macho ukaona yaliyo juu ya maduka: baraza za mbao za kizamani, madirisha ya Kihindi, na kuta nene za Wadachi.

Lakini ziinueni macho upesi, ndugu zetu, maana hupungua kila mwaka. Mji ulikuwa na watu wapatao 273,000 katika hesabu ya mwaka 1967. Katika hesabu ya mwaka 2022 wamepita 5,380,000. Ardhi ya katikati imekuwa ghali, na nyumba ya orofa mbili huhesabiwa kuwa hasara mahali panapoweza kuchukua orofa ishirini. Hatuwezi kusema kila la kale libaki. Mji usiojenga umekufa, na vijana wanahitaji ofisi na kazi. Lakini tangu mwaka 1964 nchi ina sheria ya kuyalinda mambo ya kale, na haifai sheria ikae kabatini huku nyumba zavunjwa usiku. Jengo likivunjwa, halirudi. Na mtoto aulizaye, Wadachi walikuwa wapi? Wahindi walikaa wapi? babu yangu alipanga mlango gani? hataonyeshwa chochote ila vioo.

Na majengo ni kazi ya Serikali na wenye fedha. Sisi hatuna mamlaka juu yake. Kuna jambo jingine lililo ndani ya uwezo wetu, nalo ndilo tunaloliomba katika mwaka huu wa Yubile. Makanisani mwetu vimo vitabu vya ubatizo, na ndoa, na mazishi, vilivyoandikwa kwa mkono tangu siku za kale. Katika nyumba zetu wamo wazee waliosikia kwa baba zao nani alichukua mizigo ya vita, nani alichimba njia, nani alikuwa mpishi wa nyumba ile, nani alipanga foleni kwenye kambi ya Kariakoo asirudi. Kila mtaa na utafute watu wawili au watatu wenye mwandiko mzuri na masikio ya subira. Waende kwa wazee, waulize, waandike: jina la mtu, na la baba yake, na kwao, na kazi aliyoifanya. Vile vitabu vya kale navyo vikaushwe, vifungwe vizuri, visiliwe na mchwa. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, na kalamu, na upesi. Kwa kuwa daftari na kalamu zinapatikana siku zote, lakini mzee hapatikani siku zote.

Njia itaendelea kubadilisha majina kama ilivyozoea. Pengine wajukuu wetu wataiita kwa jina tusilolijua. Hilo halitusumbui. Linalotusumbua ni ule upande wa daftari usioandikwa kitu, na ahadi iliyo chini ya miguu ya Askari ambayo hadi leo haijalipwa. Tukianza mwezi huu, katika mtaa mmoja tu, kwa majina kumi tu, tutakuwa tumeanza kuilipa.